Aliyemwaga Maji ya Wexley

Mzee Horace Pegg, aliyeishi kibandani kando ya mfereji, alikutwa saa moja asubuhi, kifudifudi kwenye matope ya lango la maji la Wexley. Chumba cha lango, kinachojazwa maji ili kupandisha mashua, kilikuwa kitupu. Kisogo chake kilikuwa kimepasuka.

Zamani mfereji ule ulibeba makaa ya mawe. Reli ikaunyang'anya kazi, ukageuka jalala la magodoro na baiskeli. Sasa mabwana waliostaafu walikuwa wameuzibua kwa sepetu, na kila mmoja wao alijiona ameumba mto. Kesho ilikuwa siku ya uzinduzi.

Mkubwa wao, Bwana Crispin Wray, mwenyekiti wa Chama cha Kufufua Mfereji, alisimama ukingoni amevaa kizibao na skafu ya wanamashua wa kale. Inspekta Maureen Thackray alimtazama kuanzia juu hadi chini, asipende chochote alichokiona.

"Muuaji mmeshamtia pingu," Wray alisema. "Tolley. Anaishi kwenye ile mashua chakavu. Alipanda nayo alfajiri, wakagombana na mzee."

Jem Tolley alikuwa ameketi kwenye nyasi kati ya makonstebo wawili.

"Nilipanda, ndiyo," alisema. "Mzee akanipa chai, nikaenda zangu. Afande, mkinifunga, mashua yangu itavutwa. Mke wangu ana mimba ya miezi minane. Atalala wapi?"

"Angalifikiria hayo kabla," Wray alidakia.

"Sikukuuliza wewe," Inspekta alimkata.

Daktari wa polisi alipanda ngazi, buti zimejaa tope.

"Alipigwa kwa chuma, lakini kilichomuua ni maji. Mapafu yamejaa."

Inspekta alitazama chumba kitupu, kisha kibao kilichopakwa rangi ya dhahabu: *Mashua ikishapanda, mwaga maji, funga malango. C. Wray, Mwenyekiti.*

"Sheria nzuri," alisema. "Watu wanaifuata?"

"Wastaarabu, ndiyo."

"Na Tolley?"

"Huyo!" Wray alicheka kwa dharau. "Nimemwandikia barua kumi na moja. Hajawahi kumwaga hata siku moja. Anaacha chumba kimejaa pomoni, anajiondokea kama ng'ombe."

"Leo je?"

"Leo vilevile. Mtu hazaliwi upya."

"Mashua ngapi hupita hapa?"

"Mbili. Yake na yangu. Kwingine bado tunachimba."

"Basi Tolley aliacha maji yamejaa, na mzee akazama humo. Nani aliyemwaga?"

Mkono wa Wray ulishuka kwenye mpini wa chuma uliokuwa mkandani, ule wa kufungulia maji.

"Mpeni daktari hicho chuma," Inspekta aliagiza. "Bwana Wray, ulimuua mtu, kisha ukafuata kibao chako. Ungaliondoka tu, tungalimlaumu Tolley hadi leo jioni. Ushamba gani huu?"

"Siwezi kuacha lango ovyo," Wray alinong'ona. "Sijawahi."

"Pegg alikukosea nini?"

"Alikuwa ahutubie kesho. Watu wote wanajua babu yangu alikuwa mwanamashua. Nimeandika kitabu kizima."

"Na hakuwa?"

"Alikuwa wakili wa kampuni ya reli. Ndiye aliyewafukuza wanamashua." Macho yake yalikwepa matope kule chini. "Pegg alizaliwa mashuani. Alikuwa na umri wa miaka mitano kampuni ilipovitupa vyungu vya familia yake ukingoni. Alilikumbuka jina la Wray. Nilimsihi anyamaze. Akanicheka! Akasema kizibao changu ni cha mwigizaji."

"Alisema kweli. Ukampiga."

"Mara moja tu. Akaanguka majini."

"Akafa papo hapo?"

Wray alianza kuikunja skafu yake.

"Nimekuuliza."

"Alizinduka. Alishika ukuta, akaniita. Utelezi ukamshinda."

"Boya la kuokolea liko hatua nne kutoka hapa. Ulidhani ataogelea?"

"Hapana." Wray alijiweka sawa, mwalimu mbele ya darasa. "Watu wa mashua hawakujua kuogelea, Inspekta. Hilo linajulikana. Limo katika sura yangu ya tatu."

"Na wewe unajua?"

"Mimi nilifundishwa shuleni."

Inspekta Thackray alimgeukia konstebo.

"Mfungue Tolley, akamwone mkewe. Na huyu mvueni hicho kizibao kabla hamjamtia garini."