Neno Lililomnenepesha Mkwezi

"Hodi!"

"Karibu!" Agata aliitikia, mikono imejaa povu la sabuni.

Akajifuta haraka, akaenda kufungua mlango wa ua. Hakuna mtu. Njia nyeupe, jua, na mbuzi mmoja amelala kivulini.

"Hodi jamani!"

"Nimesema karibu! Ingia basi!"

Nyuma yake Bi Mwanamvua, aliyekuwa akifua naye bandeji za zahanati, alicheka mpaka ushungi ukamvuka.

"Unamkaribisha mkwezi, mwanangu? Aingie na mnazi wake?"

"Mkwezi ni nani?"

"Tazama juu."

Agata akatazama. Kule kileleni, katikati ya makuti, aliona nyayo mbili, kisha uso unaocheka, na nyuma ya uso ule bahari nzima.

"Huku kwetu mtu akitaka kukwea hupiga hodi," Bi Mwanamvua alisema, "maana kutoka kule anaziona nyua zetu zote. Anayeoga ajifunike, anayesengenya anyamaze. Hapigi hodi ili akaribishwe!"

"Lakini mimi nimekwisha karibishwa," sauti ikashuka kutoka juu. "Tena mara mbili. Bi Mwanamvua, wewe ni shahidi."

"Angua nazi zako, mpuuzi wee!"

Ndivyo Agata alivyomjua Rafaeli Kitwana, mkwezi wa misheni ya Bagamoyo.

Agata alikuwa mgeni kabisa. Kwao ni Nyasa, kandokando ya ziwa, karibu na Kotakota. Siku moja padri wao aliomba wasichana wa kujitolea kwenda pwani ya Tanganyika, kuwahudumia wagonjwa mpaka Pasaka ipite. Agata alinyoosha mkono kabla baba yake hajauwahi. Akapanda meli, lori, garimoshi, tena lori. Na alipofika Bagamoyo alihisi bado hajaamka. Alfajiri adhana na kengele vilikutana hewani, vikaingia pamoja dirishani mwake. Mchana upepo ulileta harufu ya nazi zilizoanikwa. Kuta nyeupe za mji zilimeremeta hata akajiuliza, hivi nimefika au naota?

Rafaeli aliposhuka, alimpa dafu lililokwisha kukatwa.

"Jina lako nani, bibiye?"

"Agata Chifundo."

"Kifundo? Cha mguu au cha mkono?"

"Chifundo! Kwetu maana yake huruma."

"Basi nihurumie. Nyote mnacheka, na mimi nina kiu."

"Dafu si ulilishika wewe?"

"Nimekupa lote. Ona ujinga wangu."

Tangu siku ile wagonjwa wa zahanati hawakukosa madafu. Rafaeli aliyaleta mwenyewe, akayapanga barazani, kisha akakaa kama mtu aliyesahau njia ya kurudi.

"Kitendawili!"

"Tega," Agata akasema, bila kuinua macho kwenye kazi yake.

"Nimemchuna kichwa, nimempeleka kwa mbuzi, machozi yake nimepikia wali."

"Mbuzi gani huyo mkatili?"

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Nakupa Kotakota."

Rafaeli akafumba macho, akaegemea nguzo. "Nikaenda Kotakota. Nikakaa ukingoni mwa ziwa, nikala samaki nikashiba. Nikawauliza, mbona mji wenu mzuri lakini umepoa? Wakaniambia, aliyekuwa akiuchangamsha kaenda Bagamoyo. Nikarudi mbio! Jibu ni nazi. Mbuzi ni ya kukunia."

Agata aliinamisha uso asionekane. Aliendelea kushindwa vitendawili, hata vile alivyovijua, akagawa miji yote ya Nyasa mpaka ikamwishia.

Siku zikayeyuka. Sista Klotilda, mkubwa wa zahanati, akamwita.

"Agata, Pasaka imekaribia. Jumatatu yake lori litakupeleka Dar es Salaam. Nilimwahidi baba yako."

"Ndiyo, Sista."

Jioni ile alimfuata Rafaeli ufukweni, penye lundo la nazi zilizongoja kufuliwa. Maji yalikuwa yamejaa, yametulia, yana rangi ya maziwa. Alitaka kusema kwa Kiswahili, ulimi ukamganda. Akasema kwa lugha ya mama yake, taratibu, kama anayesali:

"Rafaeli, ndimakukonda."

Sasa sikiliza hapa. Kwao Nyasa, kukonda ni kupenda. Kwetu pwani, kukonda ni kwisha mwili, mbavu zikahesabika. Agata hakulijua letu, wala Rafaeli hakulijua lao.

"Kukonda?" Rafaeli alijitazama kifua.

"Kukonda, ndiyo. Sana."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ulipokuwa juu ya mnazi."

"Siku zote hizo! Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya."

"Na watu wengine wanajua?"

"Nadhani wameona. Jambo kama hili halifichiki."

Rafaeli alivuta shati lake akajifunika vizuri. "Usijali, dada Agata. Haya ni ya kupita tu. Yana dawa."

"Dawa?"

"Hata mwaka jana yalinipata. Nilikwenda kwa Bi Dija kila asubuhi, akanishughulikia, mwezi haukuisha nikapona. Kesho naanza tena kwenda kwake."

Agata alirudi nyuma hatua moja. "Kwa Bi Dija," alisema.

"Hodari yule mwanamke! Utaona kabla hujaondoka."

Na kweli aliona. Kila asubuhi akienda misa alimkuta Rafaeli, shavu limetuna, kwenye benchi la Bi Dija, muuza vitumbua aliyefichwa na moshi wa jiko lake. Rafaeli alimpungia mkono na kitumbua ndani yake. Agata aligeuza uso. Madafu yalipoletwa alimwagiza mgonjwa ayapokee. Kitendawili kikitegwa barazani, ndani hakuna aliyeitikia. Aliomba rozari yake, lakini midomo ilipotaja huruma, moyo ulitaja jina jingine.

Jumatatu ikafika. Agata alikuwa akifunga kamba sanduku lake Bi Mwanamvua alipoingia.

"Shikamoo, Bi Mwanamvua."

"Marahaba. Lakini sikuja kwa heri, nimekuja kukugombeza. Umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Mtoto gani?"

"Rafaeli! Juzi kakwea mnazi wa padri, kafika nusu, anahema kama ng'ombe, kashuka. Mkwezi huyo! Anakula asubuhi, anakula mchana, anakuja kwangu kumaliza sufuria. Namwuliza nani kakutuma, anasema Agata."

"Mimi? Angemtaja Bi Dija wake."

"Bi Dija? Bi Dija ana vitukuu! Alimnenepesha mwaka jana alipotoka homa. Wewe ndiwe uliyemwambia kakonda."

"Sikumwambia kakonda, nilimwambia ndima..." Agata akaiachia kamba. "Bi Mwanamvua, kukonda ni nini?"

"Kukonda ni kuwa hivi," akaonyesha kidole chake chembamba. "Kwenu je?"

"Kwetu ni kupenda."

Bi Mwanamvua alikaa kwenye sanduku. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Masikini! Kijana kapendwa, kaenda kununua vitumbua!" Akatoka mlangoni. "Rafaeli! Wee Rafaeli! Tema hicho ulicho nacho mdomoni, uje hapa!"

Rafaeli akaja, mashavu mapya, amevaa shati lisilofunga kifungo cha katikati.

"Haya mwanangu," Bi Mwanamvua alimwambia Agata, "sema naye Kiswahili. Kile cha mtoto mdogo."

"Nakupenda," Agata alisema. "Siku ile ufukweni nilisema nakupenda."

Nje upepo ulipita kwenye makuti, ukasikika kama mvua isiyonyesha. Rafaeli alimtazama Agata, akajitazama tumbo, akamtazama tena Agata.

"Nami nikakujibu kuna dawa?"

"Ukanijibu ya kupita tu."

"Mungu wangu! Agata, nakupenda mpaka... Wewe unadhani nilikuwa nakula kwa njaa? Vile vitumbua vina mchanga!"

Honi ya lori ikalia. Sista Klotilda akatokea barazani.

"Agata, uliahidi."

"Niliahidi, Sista, na nitakwenda. Baba alinitoa kwa mkono wake. Kama ni kutolewa tena, atanitoa yeye." Akamgeukia Rafaeli. "Njoo unipose kwetu."

Uso wa Rafaeli ukasawijika. "Nani atakwenda kuninenea? Babu yangu alikombolewa utumwani akiwa mdogo, hakulijua hata jina la mama yake. Wazazi wangu wamekufa. Baba yako akiuliza ukoo, nitamwonyesha nini? Panga?"

"Nitakwenda mimi," Bi Mwanamvua akasema.

"Wewe?" Rafaeli alimgeukia. "Mwislamu, kwenye nyumba ya Wakristo? Tena hujawahi kupita Lugoba."

"Lugoba nilifika, sikupapenda. Pengine Nyasa nitapapenda. Na tukikutana huko, ninyi wawili msifungue midomo yenu. Mmekwisha nena vya kutosha."

Lori likaondoka. Agata alitazama nyuma mpaka minazi ikawa moshi, na safari hii hakujiuliza kama anaota. Alijua ameamka, maana aliumia.

Masika ilipokatika, huko Kotakota, Bi Mwanamvua alikaa mkekani mbele ya Mzee Zakaria, baba yake Agata, buibui lake limejaa vumbi la njia. Mzee alijua Kiswahili cha Kotakota, cha zamani na cha adabu. Rafaeli alikaa kando, kimya kama alivyoamriwa. Agata alisikiliza nyuma ya mlango, ameshika moyo.

"Kijana ni mzuri," Mzee Zakaria alisema. "Ila nimemwuliza ukoo, hana. Nami simtoi mwanangu kwa mtu mmoja, namtoa kwa watu. Akijifungua kule, nani atampokea mtoto?"

"Mimi."

"Akiugua?"

"Mimi."

"Wakigombana? Usiniambie hawatagombana. Akitoka nyumbani analia, mlango wa nani utafunguliwa?"

"Wangu. Nami nitamfungia huyu nje mpaka aombe radhi."

 Swali la mwisho lilimtoka Mzee Zakaria kwa shida.

"Na akifa mbali nami, nani atamlilia?"

Bi Mwanamvua alitazama mikono yake. Ziwa lilisikika likipumua nje ya boma.

"Mzee mwenzangu," alisema, "mimi nilizika binti yangu wa pekee. Agata alipokuwa akifua nami bandeji, nilisahau mara nyingi kwamba si yeye. Usiniulize nani atamlilia. Niombee nitangulie mimi."

Kisha Mzee Zakaria akainua sauti kuelekea jikoni.

"Mama Agata! Ongeza samaki. Hawa hawaondoki leo."

Walifunga ndoa katika kanisa la ziwani. Bi Mwanamvua hakuingia. Alikaa nje, kwenye kiti alichowekewa na baba wa bibi harusi mwenyewe, mikono magotini. Na padri alipowatoa wawili wale mlangoni, wanawake wa Nyasa walikuwa bado wanavuta pumzi wakati kigelegele cha kwanza kilipopaa juu ya maji, kirefu, cha Bagamoyo.