Mapera ya Jumamosi

Duka la pembejeo lilijaa watu asubuhi hiyo. Dada mwenye gauni la kijani alipofika kaunta, muuza dawa alisahau alikuwa akimhudumia nani.

"Kaka, vidukari wanamaliza mapera yangu. Nipe dawa, usinipe maneno."

"Pole, dada. Hii ya kiwandani unapuliza mara moja kwa mwezi. Hii ya mwarobaini ni kila wiki, kwa hiyo gharama yake karibu mara mbili."

"Ninunue ya ghali, nina wazimu?"

"Ukipuliza ya kiwandani, huchumi mpaka siku kumi na nne zipite. Ya mwarobaini, unachuma kesho yake. Mapera yakiiva yatakungoja?"

Alicheka, akanunua ya mwarobaini, akaacha na namba ya simu.

Mwezi mzima walipigiana kila jioni.

"Mapera hayajambo?"

"Unayajulia hali mapera, mimi je, mpenzi?"

Kisha Jumatatu moja sauti yake ilikuja kavu. "Vidukari wanaioga dawa yako. Umeniuzia maji! Mnunuzi wa kiwanda cha juisi anakuja Jumamosi, asipopata mzigo anahamia kwa mwingine. Leo nimeanza kupuliza ya kiwandani, na hizo siku zako kumi na nne sitaki kuzisikia." Akakata.

Muuza dawa alipiga mara sita. Kimya.

Kesho yake kaka wa yule dada alikuja kununua mpira wa pampu.

"Shemeji, dada amechoka. Kila wiki anaacha chakula cha mchana ofisini, anakwenda kupuliza juani."

"Mchana?" Muuza dawa alijishika kichwa. Jua kali huua nguvu ya mwarobaini. Hupulizwa jioni.

Jua lilipoanza kushuka alifunga duka, akabeba pampu na dawa ya mwarobaini. Alimkuta dada shambani, buti za mpira miguuni, kitambaa kichwani.

"Umefuata nini?"

"Kosa langu. Kila mteja namwambia apulize jioni. Wewe sikukwambia. Nilikuwa nakutazama."

Dada alitaka kununa, midomo ikamsaliti. "Mistari sita imeshapulizwa ya kiwandani. Imebaki minne."

"Basi hiyo minne, sasa hivi."

Walipuliza pamoja, jani kwa jani, chini na juu, mpaka kivuli kikafunika shamba.

Jumamosi vidukari wa mistari ile minne walikuwa wamekauka. Mnunuzi alipakia kreti ishirini, akanyoosha kidole kwenye mistari ile sita. "Na yale?"

"Yale bado siku tisa," dada alimjibu.

"Nani atajua?"

"Mimi."

Mapera yaliyoiva yalikuwa yakidondoka huko wakisikia. Mnunuzi alifunga turubai la gari. "Nitayarudia yatakayobaki. Na msimu ujao unihesabu mimi kwanza."

Gari lilipoondoka, dada alipiga simu. "Mama, kesho naja na mgeni. Anataka kuonana na baba."

"Anataka nini kwa baba yako?"

"Mama! Wanachotaka wanaume wakivaa shati jipya."

"Ehe! Mpe simu."

Muuza dawa alifuta mikono kwenye suruali, akasimama wima kana kwamba anaonekana.

"Shikamoo, mama."