Alama Nyekundu Mlangoni

Ko.

Mara moja tu, usiku, kwenye mlango wa mjomba wangu Mutua. Ilikuwa mwaka 2001, huko Kathiani, na kila mtu nyumbani aliijua sauti ile: kisogo cha shoka kikigonga mbao, mgongaji akisikiliza kama mti umekomaa.

Msitu wetu wa mlimani hatukuufyeka. Tulichagua mti mmoja hapa, mwingine kule, tukaacha miti mama imwage mbegu. Mti uliochaguliwa ulipakwa mstari mwekundu. Kabla ya pigo la mwisho, mkataji aliita kwa jina kila aliyekuwa msituni, akangoja aitikiwe.

Asubuhi, mlango ulikuwa na mstari mwekundu. Jirani yetu Festus alicheka. "Mutua, hata nyumba yako imekomaa? Tunaikata lini?"

Mjomba alisema ni watoto wanacheza. Aliufuta upesi.

Usiku wa pili, ko. Rangi ilikuwa kwenye kitanda cha Ndanu, bintiye wa miaka saba.

Usiku wa tatu hatukulala. Taa iliwaka. Mlango ulifungwa. Ko. Kulipopambazuka, mstari ulizunguka kifundo cha mguu wa Ndanu. Haukutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Mguu ulikuwa mgumu, baridi, na ulinuka utomvu.

Kufikia saa nne, ugumu ulikuwa umefika gotini.

Mke wa mjomba, Mbinya, alimnong'oneza. "Baba Ndanu, enda umwite. Siku ile hukumwita."

Ndipo nilipoelewa. Miaka kumi nyuma, mti ulimwangukia na kumuua kaka mkubwa wa mjomba, aliyetufundisha kuchagua miti. Mjomba alitaka mlima wote uuzwe kwa wachoma makaa. Kaka yake alikataa. Asubuhi ile mjomba aliita majina yote msituni, isipokuwa moja. Tangu mazishi, jina hilo lilikatazwa nyumbani.

Mjomba alimbeba Ndanu hadi kwenye kisiki cha mti ule. Nikamfuata. Kisiki kilikuwa kikavu miaka yote kumi. Sasa kilikuwa na chipukizi moja, bichi, na rangi mbichi ikitiririka.

Ugumu ulifika kifuani. Pumzi za Ndanu zikawa fupi. Nyuma yetu, karibu sana, ko.

Leo Ndanu ni mama wa watoto wawili. Hata jua likiwaka vipi, huvaa soksi, na hajawahi kuzivua mbele ya mtu.

Siku ile, penye kisiki, mjomba alipiga magoti. Kisha akaita, kwa sauti ya mkataji anayengoja kuitikiwa:

"Kimeu."