Nati Mbili za Chini

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapata nguvu za kumchoma mtu, karakana ya baba yake Chapchap huwa imeshaamka. Grenda inapiga kelele, cheche zinaruka, na redio kwenye rafu inaimba peke yake kwa sababu hakuna anayeisikia. Kazi ya Chapchap ni kufagia vumbi la chuma, kupanga spana kwa ukubwa, na kumchunga mdogo wake asimeze nati. Mdogo wake huyo ni kitindamimba, kwa hiyo wanamwita Kitinda. Ana miaka mitano na kibofu kidogo kuliko kikombe cha kahawa. Hilo la kibofu liweke akilini, utalihitaji.

Chapchap mwenyewe ni msichana wa darasa la sita, na jina lake hakuliokota njiani. Huoga chapchap mpaka mgongo haujui kama maji yamepita. Hufanya hesabu chapchap, na kuzikosa chapchap vilevile. Ile methali ya haraka unaijua. Mwalimu wako ameshaisema vya kutosha, mimi sitamsaidia.

Wiki moja karakana ilikuwa na mgeni, nayo ni pikipiki ya Shangazi. Usidhani ni zile nyembamba za kubebea abiria. Hii ilikuwa ndefu na nzito, usukani umeinuka kama pembe, kiti kimelala chini kama kochi, na ikiwashwa vikombe vya jirani vinagongana kabatini. Mtaa mzima uliiita Nyati.

Shangazi, dada mkubwa wa Baba, alikuwa akikodisha viti vya plastiki kwa watu wenye shughuli, na alikuwa amechoka kuwabembeleza wenye magari.

"Kaka, nitengenezee tela," alisema. "Nyati alivute."

"Dada, Nyati hakuzaliwa kuvuta tela."

"Na wewe hukuzaliwa na spana mkononi. Tengeneza."

Basi Baba akaunga mabomba, akafunga magurudumu mawili, tela likapatikana. Kitinda akalibatiza Ndama. Kazi ngumu ikabaki moja: kumfunga Ndama kwa mama yake. Hakuna duka lililouza kiungo cha pikipiki ya aina hiyo, kwa hiyo Baba akajitengenezea. Alikata bamba nene la chuma, akatoboa matundu manne, akachomelea mkono wenye tufe kichwani, mahali pa kushika tela. Bamba lile lingefungwa kwenye fremu ya Nyati, nyuma kabisa, kwa bolti nne.

Sasa sikiliza sheria ya pale. Ukimaliza kukaza nati kwa nguvu zako zote, unachovya kijiti kwenye rangi nyeupe, unachora mstari mmoja kutoka kwenye nati mpaka kwenye bamba. Nati ikilegea, mstari unakatika na kila mtu anaona. Nati isiyo na mstari haijakazwa. Yenye mstari imekazwa, na hakuna anayeuliza tena. Sheria hiyo haikubandikwa ukutani. Ilijulikana tu, kama inavyojulikana kwamba moto unaunguza.

Baba alikaza nati mbili za juu, akapaka. Za chini zilikuwa zimejificha kati ya gurudumu na bomba la ekzosi. Alijaribu kupenyeza mkono, akautoa umechubuka.

"Mkono wangu ni mkungu wa ndizi huu," alisema. "Chapchap, wako unapita. Kaza hizo mbili, kisha upake. Mimi nipo upande wa pili nafunga taa za Ndama."

Mlangoni alikuwa amesimama Bingwa, mtoto wa jirani, bingwa wa kila kitu isipokuwa kazi. "Fundi, kweli unamwachia huyu? Juzi alishindwa kufungua chupa ya soda!"

"Chupa ya kizibo cha chuma, kwa meno! Ungeweza wewe?" Chapchap alimjibu, akajilaza juu ya gunia chini ya Nyati.

Alizungusha nati kwa vidole mpaka zikagoma. Hapo ndipo ilipotakiwa spana ndefu, na spana ndefu ilikuwa imeazimwa na fundi baiskeli wa mtaa wa nyuma. Kijiti cha rangi kilikuwa tayari mkononi, kinadondosha. Akawaza: nikipaka sasa, nikirudi itakuwa imekauka, nitakuwa nimeokoa muda. Nitakaza tu.

Akachora mistari miwili mizuri, iliyonyooka kama ya rula. Akaenda kufuata spana.

Fundi baiskeli alikuwa bado anaitumia. Wakati anasubiri, wasichana walikuwa wanaruka kamba hapo nje. Chapchap aliruka raundi moja. Kisha nyingine, kwa sababu ile ya kwanza walimwibia. Alipoipata spana mkononi, alisikia ngurumo. Nyati alikuwa ameamka.

Alikimbia. Alifika karakana akiwa amechelewa. Shangazi alikuwa amewahi, maana wateja wake walitaka viti mapema. Baba alikuwa ameinama na tochi, ameona mistari minne myeupe, akamfunga Ndama. Viti vilikuwa vimepangwa juu yake kama mnara. Majirani walikuwa wamejaa, wakishangaa pikipiki yenye mkia.

"Shikamoo, Shangazi," Chapchap alisema, akificha spana mgongoni.

"Marahaba, fundi wangu! Naambiwa za chini umekaza wewe."

"Mikono ya mama yake hiyo," Baba alisema kwa sauti ya kusikika mtaa wa tatu.

Bingwa alijikuna shingo. "Haya, nakubali. Leo umetuweza."

Watu wakapiga makofi. Chapchap alifungua mdomo, ukatoka upepo mtupu. Angesemaje sasa, mbele ya watu wote hawa, mbele ya Bingwa? Kitinda, aliyekuwa amemaliza chupa nzima ya juisi, akainuliwa na kukalishwa nyuma ya Shangazi. Kofia ngumu ilimfika puani. Akapunga mkono asimwone anayempungia.

Nyati akaondoka, Ndama nyuma yake, taka taka taka juu ya kokoto. Wakapinda kona.

Majirani walitawanyika. Chapchap alichukua ufagio, akafagia mahali palepale mara mbili. Zipo mbili za juu, alijiambia. Baba amezikaza mwenyewe. Zitashika. Kila honi iliyolia barabarani ilimfanya aruke.

"Baba," alisema taratibu, "bolti mbili peke yake zinaweza kushika tela?"

Baba alikuwa anapanga nyaya, hakugeuka. "Tambarare, labda. Lakini kwenye mteremko wa darajani, anakopita Shangazi leo? Akishika breki, viti vyote vinasukuma kutoka nyuma. Bamba litapinda kama sahani ya bati. Ndama atampiga mama yake kumbo, waangukie wote mtoni. Ndiyo maana tukaweka nne. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Mbona unafagia palepale tu?" Bingwa alimkazia macho. "Una homa?"

Chapchap alitazama spana aliyokuwa bado ameibana kwapani. Akilini aliiona ile kofia ngumu iliyomfika Kitinda puani. Alimwogopa Baba, ndiyo, kama kila mtoto anavyomwogopa baba yake siku ya kosa. Lakini hofu hii nyingine ilikuwa kubwa kuliko Baba, kuliko Bingwa, kuliko mtaa mzima.

"Baba, nilipaka kabla ya kukaza!" Maneno yalimtoka yote kwa mkupuo. "Za chini. Zimekazwa kwa vidole tu. Nilienda kufuata spana, nikachelewa, nikaona aibu. Baba, Kitinda yuko kule!"

Alifumba macho, akisubiri kelele. Hakuna kelele iliyotoka. Alipofumbua, uso wa Baba ulikuwa umegeuka rangi ya majivu, na huo ulimtisha zaidi ya kofi.

Baba alibonyeza simu. Wakasikia simu ya Shangazi ikilia hapohapo mezani, chini ya tambara la grisi.

"Panda baiskeli," Baba alisema. "Usiiachie hiyo spana."

Bingwa, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alifanya kazi bila kuambiwa. Aliwafungulia geti.

Baba alikanyaga pedali kama mtu anayekimbizwa. Chapchap alikaa kwenye keria, mkono mmoja kwenye shati la Baba, macho barabarani. Aliogopa kuona kiti kimelala njiani. Aliogopa kuona kofia. Walipofika kwenye tuta mbele ya duka la dawa, kitu kidogo kilimeremeta vumbini.

"Baba, simama!"

Ilikuwa nati. Upande mmoja ilikuwa na kipande cha mstari mweupe, ulionyooka kama wa rula. Nusu nyingine ya mstari ilikuwa imeenda na Nyati.

Baba aliitazama, akaitia mfukoni. Wakaondoka. Chapchap alianza kulia bila sauti, ili asimchoshe Baba kwa kumsikiliza.

Wakapita kiwanda cha matofali. Wakapinda kona ya mwisho, ambapo barabara inaanza kushuka kuelekea darajani. Chapchap alichungulia kwa jicho moja.

Nyati alikuwa amesimama kando ya ukuta, juu kabisa ya mteremko, Ndama yuko nyuma yake na mnara wa viti bado umesimama. Kitinda alikuwa anatoka nyuma ya ukuta, anapandisha suruali. Shangazi alimnyakua, akamkalisha nyuma, akawasha. Ngurumo ikajaa barabara nzima.

"Shangazi!" Chapchap alipiga kelele. "Usiondoke!"

Nani angesikia? Nyati alikuwa anameza kila sauti. Gurudumu la mbele likaanza kusogea. Chapchap aliruka kutoka kwenye keria kabla baiskeli haijasimama, akaanguka, goti likachubuka, akainuka, akakimbia kando ya viti, akasimama mbele ya Nyati, mikono ameitandaza.

Shangazi alishika breki. Ndama akagonga kwa nyuma, ko!, na chuma kikalia kama meno yanayosagana.

"We mtoto! Una wazimu?"

"Za chini sikuzikaza, Shangazi." Alikuwa anahema, machozi na vumbi vimekuwa tope mashavuni. "Nilipaka rangi tu. Nati moja imedondoka, tumeiokota njiani. Nisamehe."

Shangazi alizima pikipiki. Kukawa kimya mpaka mto ukasikika kule chini. Alimtazama mtoto, kisha mteremko, kisha Kitinda nyuma yake. Akashuka polepole, akakaa kwenye ukingo wa barabara. Yeye naye, mwanamke asiyeogopa hata malori.

Baba alilala chini, akamulika kwa tochi. "Moja haipo. Ya pili imebaki kwenye mizunguko ya mwisho," alisema. "Bamba halijapinda. Bado." Alimpa Chapchap ile nati ya mfukoni. "Kazi ni yako. Imalize."

Nati ilimponyoka Chapchap mara mbili. Hakuharakisha. Aliizungusha kwa vidole, akaweka spana, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, akavuta tena. Kisha ya pili. Alipomaliza hakusema "tayari". Alisema, "Baba, naomba mtu mwingine aangalie."

"Mkono wangu haupiti. Dada, wako?"

Shangazi alivua pete, akapenyeza mkono, akazishika nati moja moja, akazijaribu kwa spana. "Hazitikisiki," alisema. Akamwinua Chapchap uso. "Mwanangu, umenitia hofu nitakayozeeka nayo. Lakini umenikimbilia. Mtu anayeficha hakimbii kuja. Hukimbia kwenda."

Kitinda alishushwa arudi nyumbani, na Shangazi akashuka peke yake, taratibu, breki mkononi. Walisimama wote watatu wakitazama mpaka Nyati na Ndama walipovuka daraja na kupanda ng'ambo. Honi ikalia mara moja. Chapchap alikaa chini palepale kama nguo iliyoanguka kwenye kamba.

Walirudi kwa miguu, Baba akisukuma baiskeli, Kitinda kwenye keria.

"Utanichapa, Baba?" Chapchap aliuliza.

"Goti limeshakuchapa. Sikiliza. Ule mstari mweupe ni mdomo wa fundi. Ukipaka kabla ya kukaza, umesema uongo bila kufungua mdomo. Na uongo wa namna hiyo ni mbaya, kwa sababu mtu anaupakia mizigo na watoto, anaondoka nao. Ulipokaa kimya watu wakikupigia makofi, uongo ukawa wa pili. Aibu ya dakika moja pale karakana ingekuwa nyepesi kuliko nati ile."

"Ndiyo, Baba."

"Na mimi nina langu. Nilimulika rangi, sikujaribu nati. Kuanzia leo, anayekaza hapaki. Anayekagua ndiye anayepaka. Hata nikikaza mimi, utakagua wewe. Kosa likitokea, lisemwe likiwa bado karakana, kabla halijafika mteremkoni. Umeelewa?"

"Nimeelewa." Na safari hii hakujibu chapchap.

Kitinda alipandisha kofia kutoka puani, akamtazama Baba.

"Na mimi je? Kama nisingekojoa?"

Baba alijaribu kujizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka na machozi pamoja, akalazimika kusimamisha baiskeli.

"Wewe," alisema akijifuta macho, "endelea kunywa juisi."