Mbuzi wa Bibi na Vioo vya Sola

Kila Jumatatu asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Chiriku alimsindikiza mama yake hadi kituo cha pikipiki akiwa amembebea kasha la barafu. Mama alikuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji. Friji ya chanjo ilikuwepo, nyeupe na safi, lakini umeme haukuwepo, kwa hiyo friji ilitunza kanga na sabuni. Chanjo alizifuata mjini. Mvua ikiharibu barabara alirudi kwa miguu, kasha kichwani, huku akina mama wakimsubiri na watoto wao wachanga.

Jina la Chiriku alipewa na bibi yake, kwa kuwa mdomo wa mtoto huyo haukujua kupumzika.

Mwaka huo kampuni ya umeme wa jua iliomba uwanda wa malisho. Ilitaka kuutandazia vioo vya sola, umeme uende mjini, na kijiji kivutiwe waya hadi zahanati. Mama alifurahi waziwazi. Lakini uwanda ulikuwa umetengwa kwa mifugo, na matumizi yake yasingebadilishwa bila wanakijiji kukubali mkutanoni. Wakati wakisubiri mkutano, wapimaji walisimamisha kioo kimoja cha majaribio na kukizungushia uzio.

Karibu na uzio huo ndipo Chiriku alipochunga mbuzi wa bibi yake baada ya masomo. Mmoja alikuwa na mimba. "Huyu mwongoze polepole," Bibi alimwambia, "na fimbo usimguse."

Siku moja alikuta wenzake wakiruka kamba, naye akaingia mchezoni. Alipokumbuka mbuzi, yule mwenye mimba alikuwa katikati ya mahindi ya watu. Chiriku aliingiwa na hofu, akamchapa mbavuni na kumkimbiza hadi nyumbani. Asubuhi mbuzi alitupa mimba. Walikuwa watoto wawili, hata manyoya hawajaota.

Bibi alimuuliza kulikuwa na nini jana. Mdomo wa Chiriku ukatangulia mbele ya akili.

"Bibi, alilala karibu na kile kioo. Alipoinuka alikuwa anatetemeka."

Bibi akaamini, maana mjukuu wake hakuwahi kumdanganya. Mchana habari ilifika bombani, na jioni ilikuwa imeongezewa mbuzi wengine wawili ambao hakuna aliyewaona. Ikamfikia mgombea udiwani. Bwana huyu mwezi uliopita alikuwa akinywa chai na watu wa kampuni na kuwasifu mpaka wakaona haya. Sasa akanusa kura.

Siku ya mkutano, uani mwa shule, alimsimamisha Bibi aeleze. Bibi akaeleza, akaapa. Mgombea akapanda juu ya benchi.

"Leo ni mbuzi," alisema. "Kesho ni wake zenu."

Mama alisimama akafafanua kwamba kioo kinapokea mwanga tu na hakidhuru mimba ya mtu wala ya mnyama. Wakamwambia akae, anataka friji yake iwake. Mzee mmoja aliuliza malisho yatakayobaki ni kiasi gani. Lilikuwa swali zuri kuliko yote ya siku ile, nalo likazama katika kelele. Chiriku alikuwa amekaa na wanafunzi wenzake. Angeweza kusimama. Hakusimama. Mikono ikainuliwa, mpango ukakataliwa.

Kile kioo kiling'olewa, kikapakiwa kwenye lori na kupelekwa kijiji cha ng'ambo ya mto. Mgombea akapata udiwani wake.

Jumatatu moja ya mvua, Mama alirudi jioni, matope hadi magotini. Barafu ilikuwa imeyeyuka, chanjo zimeharibika, akina mama wamekwisha kurudi makwao. Aliketi kizingitini bila kuvua viatu. Chiriku alimtazama, akashindwa kuvumilia, akasema yote.

Mama hakumpiga. Alimpeleka kwanza kwa Bibi, Chiriku akarudia yote.

"Niliapa mbele ya watu, mjukuu wangu," Bibi alisema. Chiriku angependa fimbo kuliko maneno hayo.

Kisha wakaenda kwa diwani. Aliwakaribisha kwenye makochi mapya ambayo hayajavuliwa nailoni. "Shikamoo, Mheshimiwa," Chiriku alisema, akakiri huku akilia. Diwani alisikiliza akitabasamu.

"Marahaba, binti. Kwani nani alikuambia mimi niliamini?" Akamgeukia Mama. "Yamekwisha hayo, dada. Tuangalie mbele."

Mama aliinuka, akamshika Chiriku mkono. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mkutano ukaitishwa upya, Chiriku na Bibi wakasema kweli mbele ya watu. Wengi waliangalia chini. Safari hii swali la malisho lilisikika, wakakubaliana kuiomba kampuni irudi, nusu ya uwanda ibaki kwa mifugo. Kampuni ikajibu kwa adabu kwamba imekwisha kuanza kazi ng'ambo. Mwenyekiti alichoweza kupata ni ruhusa ya kuhifadhi chanjo katika friji ya zahanati ya huko.

Basi siku hizi Jumatatu Mama hafuati chanjo mjini, anavuka daraja. Siku za likizo Chiriku huenda naye. Mara ya kwanza, wakirudi na chanjo, walipopita kando ya vioo vinavyometameta, safu kwa safu, waya ukielekea kwenye nyumba za watu wengine, Chiriku alisimama.

"Mama, mimi ndiye niliyetunyima haya."

"Si peke yako," Mama alisema. "Diwani aliutumia uongo wako akijua ni uongo. Sisi wengine tuliona raha kuogopa kuliko kuuliza. Lakini wewe ndiye uliyempa. Uongo ukishautoa, mwanangu, huwezi kuchagua nani ataufanyia kazi. Siku nyingine ukikosa, kiri siku hiyohiyo, wakati anayekudai ukweli bado ni bibi yako tu."

Kasha lilikuwa na mishikio miwili. Mama akamwachia mmoja.

"Shika upande wako," alisema. "Twende kabla barafu haijayeyuka."