Darasa la Baada ya Alasiri

Majirani zangu wa Majengo, na nyinyi wa Tononoka mnaopita hapa kwenda sokoni, simameni kidogo. Sitawapigia kelele. Kelele nilizipiga wakati ule, zikaniishia, na sasa nasema tu. Haya ni mambo ya nyumba ya Mejumaa, ambaye napakana naye ukuta tangu sote tulipoletwa mtaa huu tukiwa maharusi, na yalitokea katika ile miaka ya tisini, binti yake Mwanasiti alipokuwa darasa la nane.

Siku ninayoanzia ilikuwa njema. Watu walikuwa wamekwisha sali alasiri kitambo, na jua linashuka. Mejumaa alikuwa barazani akipeta mchele, mwanawe mdogo amelala kwenye mkeka kando yake. Mwanasiti, amekwisha rudi kusoma, alikaa kizingitini na kipande cha mkate wa boflo mkononi, anamweleza babake hesabu. Kamaludin, babake, alikuwa mpakuaji mizigo bandarini, na siku hiyo alirudi mapema.

"Baba, hii ni theluthi. Na hii ni robo. Huwezi kuzijumlisha hivi hivi. Lazima kwanza uzikate zote vipande vya namna moja."

"Kisha?"

"Kisha unazila."

Wakacheka wote watatu. Mimi nilikuwa kwangu nashona, nikawasikia, nikacheka pia.

"Nani kakufunza haya?" Kamaludin akauliza.

"Mwalimu Nasipwondi. Alikuja na boflo zima darasani, akalikata mbele yetu, halafu kila aliyepata jibu akapewa kipande chake. Baba, mimi nilipata."

Hapo ndipo waalikaji wakapiga hodi. Nyinyi mnawajua, wale wanawake wanaopita nyumba kwa nyumba kualika harusi kwa mdomo, na buibui zao na manukato yao. "Hodi wenyewe! Mwaalikwa kesho baada ya alasiri, bibi harusi anatiwa hina, nyumba ya pili kutoka msikitini. Msikose." Mejumaa akapangusa mikono kwa leso yake, akajibu kwa furaha, "Tutakuja, inshallah, mimi na binti yangu." Mwanasiti akaacha kucheka. Baada ya alasiri ndiyo saa ya darasa lake.

Niwaeleze hilo darasa, maana wengine mmelisahau na wengine mlikuwa hamjazaliwa. Mwanasiti alipokuwa darasa la sita alishikwa na homa ya matumbo, akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Alipopata nguvu wenzake walikuwa mbali. Alipandishwa darasa nao hivyo hivyo, hajui hesabu za sehemu na Kiingereza kinampita juu ya kichwa. Watoto wa wenye uwezo wakibaki nyuma huwekewa tusheni nyumbani. Kamaludin hakuwa na uwezo huo, na wengi wetu hatukuwa nao.

Basi serikali ikatoa fedha za umma kuwalipa walimu wawafundishe watoto kama hao bila malipo, katika ukumbi mmoja karibu na uwanja wa Tononoka. Chaki yao, vitabu vyao, mwalimu wao. Na kwa kuwa watoto wetu huenda chuoni kusoma Kurani wakitoka shule, darasa likawekwa baada ya alasiri ili lisigongane na chuo. Walitufikiria. Walichosahau ni kwamba saa hiyo hiyo ndiyo saa ya shughuli za wanawake.

Mwalimu Loise Nasipwondi alitoka bara. Alikuwa mrefu, mwembamba, mpole wa sauti, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri ingawa tulimcheka. Siku ya kwanza aliwaita wazazi akatuambia kwa uwazi kabisa: "Wazazi wangu, hawa watoto hawana ubaya wowote. Wamechelewa tu, na nikipata mwaka mzima nao nitawafikisha. Lakini maafisa watakuja kukagua, na hawatatuambia siku. Wakikuta viti vitupu, watasema hapa hakuna haja, watalipeleka darasa mtaa mwingine." Tuliitikia kwa vichwa. Mejumaa alikaa mbele yangu, naye aliitikia.

Msije mkadhani Mejumaa alikuwa mama mbaya. Hakuwa. Alikuwa mwanamke wa watu. Kukiwa na harusi yumo, hitima yumo, arubaini yumo, mwenye kujifungua anapelekewa uji na yeye. Nyinyi mwajua hesabu yetu ya mambo hayo. Usiyemwendea hatakujia, na siku yako ikifika ukakaa na jamvi tupu, aibu hiyo inasemwa mpaka kwa wajukuu. Mejumaa aliogopa jamvi tupu kuliko njaa. Na kila alipokwenda, Mwanasiti alikwenda naye, kwanza ampakate mdogo wake ili mama aketi na wenzake, pili amenye vitunguu na kuosha masahani, tatu aonekane. Mtoto wa kike anayeonekana shughulini, watu humkumbuka wakati wa kutafuta mke.

Ile hina Mwanasiti alikwenda na mamake. Wiki iliyofuata kukawa na arubaini, akaenda. Halafu mtu akajifungua. Mwanasiti alikuwa akisema kila mara kwa sauti ya chini, "Mama, nina darasa," na Mejumaa anajibu jibu lile lile, "Leo tu, mwanangu. Kesho utakwenda." Sijapata kumsikia akimkaripia. Neno lake lilikuwa hilo, na alilisema kwa mapenzi.

Mwalimu Nasipwondi alikuja mwenyewe nyumbani. Alivua viatu mlangoni, akaamkia vizuri, akapewa kahawa na kaimati. Mimi nilikuwepo.

"Bi Mejumaa, nimekuja kumwomba Mwanasiti. Ana akili huyu. Alikuwa ameanza kushika, sasa anaachia tena. Akikosa leo, kesho najenga juu ya kitu asichokuwa nacho."

"Mwalimu, usinifahamu vibaya. Wewe ni mgeni huku. Mimi nisipokwenda kwa watu, siku yangu ya harusi au ya msiba nitakaa na nani?"

"Wewe nenda, mama. Sikukatazi. Mtoto tu ndiye abaki."

"Na huyu mdogo atashikwa na nani?"

Mwalimu alitazama mtoto, akatazama kikombe. "Mlete darasani," akasema. "Nitampakata mimi nikifundisha."

Mejumaa alicheka kwa kuona haya, akasema Mungu akubariki mwalimu, akamfungia kaimati za njiani. Jioni akamwuliza mumewe, "Babake Mwanasiti, wewe wasemaje?" Kamaludin alikuwa amechoka. "Mambo ya wanawake hayo," akasema, "fanyeni mnavyoona." Alikwenda kulala, na jambo likaisha hivyo.

Ikaja harusi ya Mji wa Kale. Sitaitaja nyumba hiyo, kosa halikuwa lao. Walikuwa watu wenye jina, walifanya mambo kwa wiki nzima, wakaalika mpaka huku kwetu Majengo na kule Tononoka. Kila mwenye buibui alijiona ametukuzwa. Siku ya biriani waliwaalika na watoto pia. Mwanasiti alikuwa amekwisha vaa sare yake, na vitabu viko kwapani.

"Mama, mwalimu amesema leo tunamaliza zile za asilimia. Amesema lazima zije kwenye mtihani."

"Leo tu, Mwanasiti."

"Kila siku ni leo tu, mama."

"Watoto wenzako wapo darasani, watakueleza. Vua nguo za shule, tusichelewe."

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo tulipopotea. Maneno hayo aliyasema Mejumaa, na nyumba ya tatu mwingine aliyasema, na huko Tononoka waliyasema. Kila mama alimtoa wake kwa siku moja tu, akiamini wa wenzake watakuwepo. Tulikutana wote Mji wa Kale, na watoto wetu wote, tukatazamana, na hakuna aliyeshtuka. Tulikula biriani.

Siku hiyo ndiyo afisa alikuja. Habari hii nilipewa na mwalimu mwenyewe baadaye, na alinipa bila kupandisha sauti. Afisa aliitwa Bwana Nicanor. Aliingia ukumbini akamkuta mwalimu ubaoni na mtoto mmoja kitini, Katana, mwana wa mama mmoja Mkristo ambaye hakualikwa.

"Wako wapi, mwalimu?"

"Harusini, bwana."

"Wote?"

"Wote isipokuwa huyu."

Bwana Nicanor hakukasirika. Alivuta kiti akakaa, akasema atangoja huenda watakuja. Mwalimu akaendelea kumfundisha Katana asilimia. Jua liliposhuka afisa akainuka. "Mwalimu, si wewe," akasema. "Lakini kuna mitaa inatuandama kila siku ikitaka darasa hili. Nitawaambiaje kwamba fedha yao inafundisha viti?" Mwalimu alimwomba ampe mwezi mmoja. Afisa akasema hiyo ni mara yake ya pili kuja, hata ile ya kwanza alikuta viti vingi vitupu, na hana la kumtetea.

Darasa likahamishiwa upande wa Kibarani. Watoto wa huko walilijaza, nasikia, mpaka wengine wakakaa chini. Nawaonea fahari, na sina kijicho nao. Kijicho kinahitaji moto kidogo ndani, na mimi moto huo sina.

Mwanasiti alikwenda ukumbini kesho yake na vitabu vyake. Akakuta kufuli. Nilikuwa napita kutoka kununua uzi, nikamwona amesimama mbele ya mlango. Nilimwita, hakugeuka upesi. "Wamefunga," akasema, kama mtu anayekwambia mvua imenyesha. Nikamshika mkono tukarudi. Njia nzima hakulia. Mejumaa aliposikia alipiga mayowe, akawalaani maafisa, akasema watu wa pwani tunaonewa. Wanawake wengi walisema hivyo wiki ile. Kamaludin alisema atamtafutia mtoto tusheni, na alikuwa anasema kweli, ila hakuwa na cha kuilipia.

"Nitakwenda Kibarani," Mwanasiti alimwambia mamake. "Nitatembea."

"Mtoto wa kike, jioni, njia yote ile? Watu watasema nini?"

Akaviweka vitabu vyake chini. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akisema ana darasa.

Mtihani akaufanya. Nilimwuliza jioni ya siku ya hesabu, akanijibu kwa utulivu, "Nyingi nilijua zinavyoanza. Zinavyomalizika sikujua." Majibu yalipotoka, Katana aliitwa shule ya upili. Mwanasiti hakuitwa shule yoyote. Alikuwa ametaka kuwa muuguzi, tangu alipokuwa amelazwa akawa anawatazama wale dada wa hospitali na kofia zao nyeupe. Hilo nimewaambia sasa kwa sababu yeye mwenyewe hakulisema tena.

Siku ya majibu Mejumaa alilia mpaka sauti ikakauka. Alikaa kwenye mkeka, leso usoni, anasema, "Nimemwua mwanangu, nimemwua mwanangu kwa mikono yangu." Wanawake walijaa chumbani kumliwaza. Walikuja wote, kweli, hakukosa hata mmoja. Jamvi lilijaa mpaka mlangoni, na hapakuwa na maiti.

Mwanasiti alikuwa jikoni akiosha vikombe tulivyonywea. Alipomaliza akaja, akapangusa mikono, akachukua buibui lake ukutani akalivaa. Akamwinua mdogo wake akamweka kiunoni. Tukadhani anatoka kwenda kulia mahali peke yake. Alisimama mbele ya mamake na uso wake haukuwa na kitu, si hasira, si huzuni.

"Mama, usilie," akasema. "Alasiri imekwisha saliwa. Leo twenda kwa nani?"

  Akaenda mlangoni, akangoja na mtoto kiunoni, tayari.

Mafunzo

Mimi si mwalimu, lakini nitasema nililojifunza, na nitalisema wazi ili asije mtu akadai hakuelewa.

Kitu cha umma si cha bure. Kimelipiwa, na malipo yetu sisi ni kukitumia. Darasa, zahanati, maktaba, chochote, kikikaa bila watu kitaondolewa, na aliyekiondoa atakuwa na haki ya kusema hatukukitaka. Sisi tulilaani maafisa mwaka mzima. Maafisa walikuja wakahesabu viti.

Mzazi asimtoe mtoto wake akitegemea wa jirani atakuwepo. Jirani naye anategemea wako. Na mtoto aliyechelewa hana siku ya kupoteza, hata moja, kwani kila siku anayokosa wenzake wanaitumia kumwacha. Akina baba nao, wasijifiche nyuma ya "mambo ya wanawake." Neno moja la Kamaludin usiku ule lingetosha.

Mila zetu ni nzuri, sizikatai. Nimezikiwa mume wangu kwa mila hizo, nikaona watu. Lakini mwaliko ni wako wewe mama, si wa mwanao. Waalikaji wakipiga hodi, itikieni kwa heshima, kisha semeni, "Mimi nitakuja, mtoto ana darasa." Semeni tu. Sijaona bibi harusi aliyeachika kwa sababu mtoto wa darasa la nane hakuja kumenya vitunguu.