Simu za Wachangiaji Damu Hazikuita

Adelina anaishi Chamazi na kaka yake, Anselmo, mchonga vinyago. Mke wa Anselmo aliitwa Kokuberwa.

Adelina ndiye aliyeandika programu ya hospitali ya mtaani kwao, kwa JavaScript. Programu ilikaa kwenye seva na kutunza orodha ya wachangiaji damu. Muuguzi akituma ombi, simu zao zote ziite.

Alhamisi asubuhi Kokuberwa alijifungua mtoto wa kike hapo hospitalini. Kisha akatokwa na damu nyingi. Muuguzi akatuma ombi. Hakuna simu iliyoita. Akatuma tena. Kimya. Damu ya Anselmo haikulingana na ya mkewe, akakimbia mtaani akiomba watu damu. Aliporudi na wawili, mkewe alikuwa ameshafariki.

Baada ya mazishi jirani yao, Najat, alikuja. Yeye huandika programu ofisini Kinondoni.

"Pole, mdogo wangu."

"Usinipe pole, dada. Mie ndiye niliyemuua. Na niliijaribu! Hata leo nikiiita kwa mkono, orodha inasomwa."

"Nionyeshe."

Adelina hakutaka. Najat akakaa, akasubiri. Mwishowe kompyuta ikafunguliwa. Najat akasoma:

mtangazaji.on('ombi', this.tafuta)

"Ndani ya tafuta, ile sehemu inayosoma orodha na kupiga simu, umeandika this.orodha. Hiyo this ni nani?"

"Programu yangu, yenye orodha."

"Ukiiita wewe, sawa. Lakini hapa umemkabidhi mtangazaji, kile kipande kinachopokea maombi. Ombi likifika, yeye ndiye anayeiita. Ukisema 'kwangu' ni nyumba yako. Nikisema mie 'kwangu' ni nyumba yangu. Na this ni hivyohivyo, inamfuata anayeita. Ikatafuta orodha kwa mtangazaji. Haimo."

"Neno moja tu?" Adelina alilia. "Wifi yangu amekufa kwa neno moja?"

Najat akaivuta kompyuta kwake. Aliongeza maneno machache:

mtangazaji.on('ombi', this.tafuta.bind(this))

"Sasa imefungwa kwa mwenyewe, yeyote aiite. Ungeweza pia kuandika () => this.tafuta(). Mshale hauna this yake, huchukua ya pale ulipoandikwa. Ila usijaribu tena kwa mkono. Tuma ombi lenyewe."

Wakatuma la majaribio, kwenye orodha wakiacha namba ya Anselmo tu. Chumbani simu ya Anselmo ikaita. Akatoka mbio.

"Nani anahitaji damu?"

"Hakuna, kaka. Tunajaribu."

"Siku ile haikuita."

"Haikuita. Kosa ni langu."

Anselmo akampa dada yake mgongo. Akarudi chumbani kwa mwanawe. Kwa wiki tatu hakusema na dada yake. Adelina alikuwa akipika, akiosha nepi, akijifungia kulia.

Mwezi uliofuata mama mwingine alitokwa na damu baada ya kujifungua. Muuguzi akatuma ombi. Simu kumi na nne ziliita kwa pamoja. Watu sita walifika, na yule mama akapona.

Adelina naye alikimbilia hospitali. Alimkuta Anselmo amelala, mkono kaunyoosha, damu yake ikiingia taratibu kwenye mfuko wa kukusanyia. Alikuwa wa kwanza kufika. Machozi yalikuwa yakimtoka. Hakuyafuta.

Akasogeza miguu, dada yake akapata pa kukaa.